Pikipiki Kuukuu ya Kila Siku: Mwongozo Kamili wa Kuirudishia Nguvu na Kuifanya Isikuchoshe

Pikipiki ya silinda moja ya cc 100 hadi 150, yenye kabureta na injini inayopozwa kwa upepo, hutoka kiwandani na nguvu za farasi 8 hadi 12 hivi. Si nyingi. Miaka inavyopita, hizo chache nazo huvuja: kidogo kwenye cheni kavu, kidogo kwenye breki inayobana gurudumu bila kukanyagwa, kidogo kwenye tepeti (virekebisho vya mlegezo wa valvu) zilizokaza na ea klina iliyoshiba vumbi. Mwenye chombo anahisi pikipiki imekuwa nzito, anakwenda kutafuta kabureta kubwa na ekzosi ya wazi. Nguvu anayoitafuta alikuwa nayo tangu mwanzo, na mara nyingi inarudi kwa spana na grisi.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kurudisha kilichopotea, unafuata mwili wa dereva, halafu shokapu, breki na gia. Kuibadilisha injini kunakuja mwisho kabisa. Wengi wanaupindua mpangilio huu, na ndiyo sababu barabarani kuna pikipiki nyingi zenye kelele kubwa, zisizosimama vizuri na zinazomchosha dereva kabla hajafika.

Kagua kwanza, usinunue chochote

Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, gurudumu la mbele liwe hewani. Kama halinyanyuki, weka kigogo chini ya injini. Zungusha usukani taratibu kutoka kushoto hadi kulia. Ukihisi unanasa kidogo ukifika katikati, gololi za beringi za usukani zimechimba vikombe vyake. Pikipiki ya namna hiyo hainyooki barabarani. Inayumba kidogo kidogo na dereva anairekebisha siku nzima bila kujua, mpaka mabega yanauma. Kisha shika shokapu za mbele chini karibu na ekseli, uzivute na kuzisukuma. Mlio wa "tok" unamaanisha beringi zimelegea. Zilizolegea zinakazwa, zilizochimbika zinabadilishwa pamoja na vikombe. Kwa modeli nyingi zinapatikana beringi za rola za pembe badala ya gololi, na hayo ni maboresho yanayodumu kuliko karibu kila kitu kingine utakachofunga.

Nenda nyuma. Shika gurudumu na ulisukume kushoto na kulia huku mkono mwingine umeshika fremu. Likicheza, tafuta chanzo: ni beringi za gurudumu, au ni bushi za swingamu, ule mkono mkubwa unaobeba gurudumu la nyuma? Bushi zilizokwisha hufanya mkia wa pikipiki uyumbe kwenye kona, na watu hulaumu tairi bure.

Zungusha kila gurudumu kwa mkono. Linatakiwa kuzunguka mizunguko kadhaa lenyewe. Likisimama mara moja, breki inabana, beringi imekauka, au cheni imekazwa kupita kiasi. Hapo ndipo farasi wako wanapopotelea.

Cheni za pikipiki hizi nyingi ni za saizi 428, na umbali kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7. Vuta cheni inyooke, pima viungo 20: mpya ni milimita 254. Ikifika 259 imechoka, na inabadilishwa pamoja na sproketi zote mbili, kwa sababu cheni mpya juu ya meno ya zamani huliwa haraka. Mlegezo wa kawaida katikati ya cheni ni milimita 20 hadi 30, lakini upime sehemu kadhaa ukizungusha gurudumu, kwani cheni kuukuu haichoki sawasawa. Ukipata mahali imekaza na mahali imelegea sana, hiyo nayo imekwisha.

Tairi zina tarehe ubavuni. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa zamani huwa mgumu hata kama meno yake bado ni marefu, na kwenye mvua haushiki.

Irudishe injini ilipokuwa

Tepeti ndiyo kazi inayosahaulika kuliko zote. Injini iwe baridi kabisa, imepumzika usiku kucha. Fungua vifuniko vya valvu na vile viwili vya upande wa sumaku, zungusha sumaku hadi alama ya T ilingane na alama iliyoko kwenye mwili wa injini. Hakikisha uko kwenye mgandamizo, yaani valvu zote mbili zimefungwa: tepeti zote mbili ziwe na mlegezo kidogo. Kama moja imekaza, zungusha tena mzunguko mmoja mzima. Pima kwa fila geji, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya. Pikipiki nyingi za aina hii zinataka kati ya milimita 0.05 na 0.10, Honda CG125, kwa mfano, inataka 0.08 pande zote mbili. Kitabu cha modeli yako ndicho kinachoamua. Tepeti inayolia huwasumbua watu, lakini iliyokaza ndiyo mbaya zaidi: valvu haifungi vizuri, mgandamizo unavuja, valvu ya ekzosi inaungua, na pikipiki inakataa kuwaka asubuhi.

Toa plagi uisome. Rangi ya kahawia nyepesi ni nzuri. Masizi meusi makavu yanaonyesha petroli imezidi hewa, weupe wa chokaa unaonyesha hewa imezidi, na unyevu wa oili unaelekeza kwenye ringi au sili za valvu. Mwanya wa plagi kwa kawaida ni milimita 0.6 hadi 0.8.

Safisha ea klina, au weka mpya. Ya sponji inafuliwa kwa sabuni, inakaushwa, inapakwa oili kidogo na kukamuliwa. Ya karatasi haifuliwi. Angalia pia mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukipasuka, injini inavuta hewa ya pembeni na hakuna marekebisho ya kabureta yatakayoshika.

Oili isiwe ya gari. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea ndani ya oili ya injini, na oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyoifanya klachi iteleze. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2, unene kama kitabu kinavyosema. Injini iliyotembea sana kwenye joto hustahimili vizuri 20W-50, ikiwa mtengenezaji anaruhusu.

Baada ya hapo pima mgandamizo. Ukiwa chini sana, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ukipanda, ringi na silinda zimechoka. Usipopanda, tatizo liko kwenye valvu. Injini ya namna hii inahitaji kufunguliwa kwanza. Hakuna kifaa cha kufunga nje kitakachoisaidia.

Sasa iendeshe wiki moja hivi ilivyo. Chagua barabara moja na mlima mmoja, uone inapanda kwa gia ipi na mwendo gani, uandike. Bila kipimo hicho hutajua kama mabadiliko yanayofuata yamesaidia au yamekugharimu tu.

Mwili wako: usukani, vikanyagio, kiti

Kaa kwenye pikipiki, funga macho, weka mikono mbele pale inapotulia yenyewe. Fungua macho. Kama mishikio haiko pale mikono ilipo, umepata chanzo cha maumivu ya mgongo. Dereva mrefu mara nyingi anahitaji usukani wa juu kidogo na uliorudi nyuma. Usukani wa kawaida una kipenyo cha milimita 22 kwenye bano, hivyo si kazi ngumu kupata wenye umbo tofauti, au vinyanyuzi vya kuweka chini ya bano. Anza na milimita 20 hadi 30. Zaidi ya hapo kebo za klachi, breki na mafuta zinaanza kuwa fupi.

Jaribio la lazima: washa injini ikiwa kwenye sailensi, yaani iungurume bila kupewa mafuta, geuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Injini ikipandisha mlio wakati unageuza, kebo ya mafuta inavutwa. Usiondoke hapo mpaka umeipitisha njia nyingine au umeweka ndefu zaidi, kwani pikipiki inayojiongezea mafuta kwenye kona inaua.

Levya za klachi na breki zishuke kidogo, mkono wa mbele na vidole vinyooke mstari mmoja. Kulegeza bolti mbili na kuzungusha tu kunaondoa maumivu ya kifundo ambayo mtu ameyavumilia miaka.

Ganzi ya vidole inatokana na mtetemo. Silinda moja itatetema, hilo halina dawa kamili, ila mtetemo uliozidi una sababu. Kagua bolti zinazoshika injini kwenye fremu kabla ya kitu kingine. Moja ikilegea, fremu nzima inaimba. Kisha weka mishikio ya mpira laini na vipande vizito vya chuma kwenye ncha za usukani. Uzito haupunguzi mtetemo wa injini, unausogeza kwenye mwendo ambao huutumii sana.

Kiti kinastahili muda kuliko watu wanavyokipa. Kosa la kawaida ni kuongeza sponji laini. Sponji laini ni tamu dukani, baada ya nusu saa inalala na makalio yanagusa sahani ya chini. Fanya hivi: toa gamba, kagua sponji ya zamani. Kama imekauka na inamong'onyoka, itupe yote. Weka tabaka la chini la sponji nzito na ngumu inayobeba uzito, halafu juu yake tabaka jembamba la laini, milimita 10 hadi 15, la kuondoa ukali tu. Unganisha kwa gundi ya ngozi, ikauke kabisa. Umbo ni muhimu kama ugumu: viti vingi vya zamani vinateremka kuelekea tangi, hivyo dereva anateleza mbele siku nzima na kujirudisha kwa mikono. Sawazisha sehemu ya kukalia iwe tambarare, na ipanuke pale mifupa miwili ya makalio inapokaa. Mbele iwe nyembamba, miguu ifike chini bila shida. Gamba liwe la kitambaa kisichoteleza, na mishono isipite chini ya makalio.

Kuinua kiti kwa milimita 20 kunakunjua magoti na kumsaidia mrefu. Mfupi asikubali: lazima miguu ikanyage vizuri ukiwa umesimama, hasa ukibeba abiria. Vikanyagio viwe na mpira mzima; kusogeza bano lake ni kazi ya kuchomelea inayogusa fremu, na mimi singeifanya bila sababu kubwa.

Shokapu

Hapa kuna dhana moja inayopotosha wengi. Kuzungusha pete ya shokapu ya nyuma hakuifanyi springi iwe ngumu zaidi. Kunainua tu mahali pikipiki inapokaa. Ugumu wa springi umo kwenye waya wake na idadi ya mizunguko, na hauondoki wala kuongezeka kwa pete.

Pima hivi. Inua pikipiki, gurudumu la nyuma lining'inie, upime kutoka ekseli hadi alama uliyoiweka juu yake kwenye fremu. Shusha, kaa na mizigo yako ya kawaida, mwenzako apime tena. Tofauti iwe karibu theluthi moja ya safari yote, yaani umbali wote ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka. Kwa mbele, kama safari ni milimita 120, unatafuta 35 hadi 40. Ikizidi sana hata pete ikiwa mwisho, springi ni laini kwako na inatakiwa nyingine. Ikiwa kidogo sana, springi ni ngumu, na ndiyo maana kila shimo linafika kwenye uti wa mgongo.

Kwa shokapu za mbele, dawa ya kwanza ni oili mpya. Wengi hawajawahi kuibadilisha tangu pikipiki itoke kiwandani. Inatoka ya kijivu na inanuka. Weka oili maalumu ya shokapu, 10W kwa kawaida, au 15W kama mbele inazama sana ukipiga breki. Kiasi kilingane pande zote mbili hadi mililita. Badilisha sili kama kuna unyevu kwenye bomba, na kabla ya kufunga sili mpya papasa bomba kwa mkono: kokwa dogo la kutu litaichana sili mpya ndani ya siku chache. Kutu ndogo inasuguliwa kwa msasa laini sana wenye oili. Bomba lililochimbika linabadilishwa au kupigwa kromu upya.

Shokapu za nyuma zilizovuja hazina thamani ya kuhangaikia, nunua jozi nzima. Pima jicho hadi jicho. Ndefu zaidi kwa milimita 10 huifanya pikipiki iwe nyepesi kugeuka; zikizidi sana, mlegezo wa cheni unabadilika, stendi ya pembeni inakuwa fupi na pikipiki inakosa utulivu kwenye mwendo.

Breki kabla ya mwendo

Breki ya ngoma iliyotunzwa vizuri inatosha kwa pikipiki ya aina hii. Fungua, vaa barakoa, futa vumbi kwa kitambaa chenye maji usilipulize, kwani brekishu za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Kwaruza uso uliong'aa kwa msasa, lainisha kingo za mwanzo na mwisho wa kitambaa cha breki zisiume ghafla, paka grisi kidogo sana kwenye kamu, kile kipande kinachozisukuma brekishu. Kipenyo cha mwisho cha ngoma kimechorwa ndani yake: ngoma ya 110 kwa kawaida inaishia 111. Ikizidi hapo, brekishu mpya hazitagusa vizuri.

Kitu kinachobadilisha breki ya ngoma kabisa ni pembe ya mkono wa kamu. Ukiwa umeshika breki kikamilifu, mkono huo na kebo vifanye nyuzi 90 hivi. Ukiwa umepita hapo, nguvu ya mkono wako inapotea. Mara nyingi mkono unaweza kutolewa na kusogezwa jino moja, lakini soma kwanza kionyeshi cha uchakavu kilichoko pale. Kama kimefika mwisho, jibu ni brekishu mpya, kwa sababu kusogeza mkono kutaficha tu hatari.

Kubadilisha mbele kuwa breki ya diski inawezekana pale modeli yako au ndugu yake ilitoka na diski. Kusanya seti yote kutoka chombo kimoja: shokapu, habu, ekseli, kalipa, pampu ya juu na bomba. Kuchomelea mabano ya kalipa kwenye shokapu ya ngoma ni jambo ambalo sikubaliani nalo hata kidogo. Angalia pia sheria za mahali unapoendesha, maana ukaguzi na bima vinaweza kuhusika.

Gia: nguvu ya bei ndogo kuliko zote

Gawanya meno ya sproketi ya nyuma kwa ya mbele. Nyuma 42, mbele 14, ni 3.00. Ukiweka 15 mbele inakuwa 2.80, yaani kwa mwendo uleule injini inazunguka pungufu kwa karibu asilimia 7: mizunguko 7,000 inashuka hadi 6,530 hivi. Injini inatulia, mtetemo unapungua. Ukiweka 13 inakuwa 3.23, pikipiki inapanda milima na mizigo kirahisi lakini inalia sana barabara ndefu. Jino moja la mbele lina athari ya karibu meno matatu ya nyuma, hivyo kwa marekebisho madogo cheza na ya nyuma.

Usidanganyike kwamba gia ndefu, yaani uwiano mdogo kama ule wa 2.80, daima huongeza mwendo wa juu. Upinzani wa upepo unakua kwa mraba wa mwendo, na nguvu inayohitajika kuushinda kwa mchemraba wake. Farasi kumi wanafika ukomo mapema. Kama pikipiki ina mwendo mkubwa zaidi gia ya nne kuliko ya tano, gia ni ndefu kupita nguvu zake, rudi kwenye uwiano wa awali. Kabla ya kufunga sproketi kubwa ya mbele, hakikisha cheni haikwanguzi kifuniko, na urefu wa cheni unatosha.

Kabureta, ekzosi na umeme

Kabureta inatawaliwa na sehemu tofauti kadiri unavyofungua mafuta. Hadi robo ya kwanza ni jeti ndogo na skrubu ya mchanganyiko. Katikati ni sindano na klipu yake. Mwisho ni jeti kubwa. Ukijua pikipiki inakwama wapi, unajua pa kugusa. Badilisha kitu kimoja, hatua moja ya jeti, kisha rudi kwenye mlima wako. Kabureta kubwa kwa injini isiyobadilishwa hupunguza kasi ya hewa, petroli haichanganyiki vizuri, na pikipiki inakuwa goigoi pale unapoihitaji zaidi, yaani ukianza kuondoka. Ea klina ya wazi na ekzosi ya wazi huongeza hewa bila kuongeza petroli. Bila jeti kubwa zaidi injini inachemka. Ekzosi ya wazi pia mara nyingi huua nguvu ya mizunguko ya chini. Ya kiwandani isiyovuja, yenye gasketi mpya kwenye kichwa cha injini, ndiyo ninayoipendekeza.

Kwenye pikipiki nyingi za zamani taa kubwa inakula umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili za sumaku, ndiyo maana inafifia ukipunguza mafuta, na balbu ya LED ikifungwa hapo inapepesa. Suluhisho ni kuzifanya koili zote zichaji betri kupitia regyuleta inayofaa, halafu taa itoke kwenye betri. Hiyo ni kazi ya kufungua sumaku na kutenganisha waya wa koili na bodi, mpe fundi wa umeme anayeielewa. Pima betri injini ikizunguka wastani: kati ya volti 13.8 na 14.5 ni afya. Kila kifaa unachoongeza kipite kwenye fyuzi yake.

Kuongeza cc

Inawezekana. Silinda ya milimita 56.5 na mwendo wa pistoni wa 49.5 ni cc 124. Ukiweka ya 62 inakuwa cc 149. Lakini joto linaongezeka, klachi na beringi za kreki (mhimili mkuu wa injini) ni zilezile, na uwazi wa bodi ya injini huenda ukahitaji kuchongwa. Ningeifanya tu kwa injini ambayo tayari inafunguliwa kwa uchakavu, breki zikiwa zimeshughulikiwa, na kwa sehemu za modeli ndugu zilizotengenezwa na kampuni ileile. Baada ya hapo endesha kwa upole kilomita 500 za kwanza: badilisha mwendo mara kwa mara, usibebe mizigo mizito, usiivute injini kwenye gia ndefu. Mwaga oili mapema, itakuwa na unga wa chuma. Kaza tena bolti za injini, spoku na nati za ekseli, pima tepeti upya injini ikiwa baridi, na usome plagi kabla ya kuipa mafuta yote.